Nilivyoazima masufuria kwa ajili ya kabichi za Mwalimu Mkorea, mtaa mzima ukaja na turubai

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu na wadogo zangu nawasalimu kila mtu kwa nafasi yake.

Mliozoea kuingia humu na vikombe mkononi, leo viwekeni chini. Hii siyo chai ya kutunga, hapa hakuna majani wala sukari. Ninachosimulia kilitokea Mbeya mimi nikiwepo, na mikono yangu ilinuka kitunguu saumu siku nyingi baadaye kama ushahidi.

Kwanza mnijue kidogo.

Mimi ni mtu wa Iringa. Shule niliishia form two. Sikufukuzwa na wala nyumbani hawakushindwa kunisomesha. Nilikaa karibu na dirisha, na dirisha lile lilitazama barabara kuu. Kila lori likipita najiuliza linakwenda wapi, limebeba nini, dereva atakula wapi. Mwisho nikatoka kwenda kuuliza, na mpaka leo bado nauliza.

Sasa twende.

Asubuhi moja nilikuwa Mafinga, nafanya kibarua cha kupanga mbao kwenye kiwanda cha kupasua magogo. Baridi ya kule mnaijua, ukiongea mdomo unatoa moshi. Nimesimama na kikombe cha uji, nikaona lori limeshapakia, injini inanguruma, dereva anakagua kamba.

"Braza, unaelekea wapi?"

"Tunduma."

"Pembeni yako una mtu?"

"Nina begi."

"Begi linaweza kupakatwa."

Akacheka. Nikamaliza uji, nikachukua nguo zangu, nikamuaga msimamizi, nikapanda. Sikuwa na mpango wa Tunduma wala wa popote. Hiyo ndiyo staili yangu ya kusafiri, na kama kuna mtu anataka kunishauri, amechelewa.

Tulipofika Mbeya dereva akasimama Mwanjelwa kula. Nikashuka kunyoosha miguu. Nikaona mitumba, spea za pikipiki, maparachichi yamepangwa kama matofali, watu wanaongea Kinyakyusa upande huu na Kisafwa upande ule. Nikajiambia hapa sijawahi kupaona vizuri. Nikarudi kwenye lori nikatoa begi langu.

Upande wa mboga nikakuta watu wamezunguka. Nikajipenyeza. Kumbe kuna mama wa Kiasia, mtu mzima, nywele fupi zimeanza mvi, kainamia kabichi. Anaigonga kwa kidole halafu anaweka sikio.

Muuzaji akamwambia, "Mama, hiyo ni kabichi, siyo redio."

Mama akainua kichwa, akajibu polepole kwa Kiswahili cha darasani, kilichonyooka kuliko changu:

"Kabichi nzuri inajibu."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, nilitaka kujua inajibu nini. Nikamuuliza. Akanisogezea kabichi mbili nisikilize mwenyewe. Wakuu, zinatofautiana kweli. Iliyojaa inatoa sauti nzito, iliyo wazi ndani inatoa sauti ya debe. Maisha yangu yote nimekula kabichi na sikuwahi kuisikiliza.

Nikambebea gunia lake. Njiani nikajua habari zake zote, maana mimi kuuliza sioni aibu. Anaitwa Mwalimu Han, anatoka Korea. Kwao alifundisha hesabu mpaka akastaafu, watoto wake wakubwa, akaona kukaa nyumbani hawezi. Akaja kufundisha hesabu kwenye sekondari moja pembezoni mwa jiji, na alikuwa amekaribia kumaliza mwaka. Nyumba aliyopanga ilikuwa na ukuta, geti kubwa la chuma, na chumba cha uani ambacho mlinzi wa zamani alikihama.

"Unalala wapi leo?" akaniuliza.

"Sijajua bado."

Akafungua kile chumba. "Hiki hapa. Panya wameshahama."

Ndivyo nilivyopata makazi Mbeya. Kazi yangu ikawa kubeba, kukata majani ya uani, kurekebisha kinachoharibika, na Jumamosi kutembea naye.

Hizo Jumamosi pekee zingejaza uzi mzima.

Mwalimu alipenda milima kama watu wengine wanavyopenda mpira. Tukipanda Loleza, anavaa viatu vya kamba, koti la rangi inayoonekana kutoka Malawi, glavu, na fimbo mbili za chuma za kutembelea. Tukiwa tunahema kwenye mteremko, wanatupita kina mama na viazi kichwani, wamevaa kandambili, wanapiga stori. Mmoja akatuuliza:

"Mnatafuta madini?"

"Hapana mama, tunapanda tu."

"Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tukifika tunashuka."

Yule mama alimtazama Mwalimu, akanitazama mimi, akamwambia mwenzake kitu kwa Kisafwa, wakacheka mpaka viazi vikatikisika. Mwalimu naye akacheka bila kujua kilichosemwa. Akaniambia kwao Korea wazee wote wanapanda milima, wakifika juu wanakula tango, wanashuka.

Ndani ya nyumba yake viatu vinabaki mlangoni, hata fundi bomba alivua. Kumpa mtu kitu anatumia mikono miwili. Mwanafunzi akimsalimia "shikamoo", anaitika marahaba na kuinama, na mwanafunzi akiona mwalimu kainama anainama zaidi. Niliwahi kwenda pale shuleni nikakuta yeye na binti mmoja wa form one wanainamiana mlangoni, hakuna anayejua nani anamalizia.

Darasani walimpenda. Kasheshe ilikuwa mtaani.

Nilikaa pale muda kabla sijaligundua jambo moja. Hakuna mtu aliyekuwa anaingia kwa Mwalimu. Majirani walimsalimia vizuri barabarani, ila geti lile hawakulivuka. Alipohamia alipika vitumbua fulani vya mchele vya kwao, akavigawa nyumba kwa nyumba, ndiyo desturi ya kwao mtu akihamia. Watu walipokea. Kesho yake watoto wakarudisha sahani zimejaa maparachichi na mahindi, wakagonga geti, wakaweka chini, wakakimbia. Basi. Mtaa ukaamini yule ni mtu wa geti, anapenda kukaa peke yake. Yeye akaamini mtaa haumtaki.

Jumapili moja tunaosha viatu vya mlimani, akasema kama anayeongea na kiatu:

"Festo, mwisho wa muhula nitawaambia shule siongezi mkataba. Nitarudi kwetu."

"Kwa nini, Mwalimu? Si wanafunzi wanakupenda?"

"Wananipenda. Kengele ikilia, wote wana kwao. Mimi nina geti." Akasugua kiatu kidogo. "Mwaka mzima hakuna mtu aliyekalia kiti changu."

"Mimi nimekikalia."

"Wewe unakaa popote."

Hapo alinipata, wakuu. Ni kweli.

Halafu akaniambia jambo moja analotaka kulifanya kabla hajaondoka. Kwao, baridi ikikaribia, majirani wanakusanyika nyumba moja na lundo la kabichi. Wanazitia chumvi, wanazipaka pilipili, vitunguu saumu, tangawizi na samaki waliosagwa, wanazifungia kwenye vyombo zichachuke. Mboga yenyewe wanaiita kimchi. Ile siku ya kukusanyika ina jina lake, kimjang.

"Huwezi kutengeneza mwenyewe?" nikauliza.

"Naweza. Lakini hiyo itakuwa mboga tu."

Akanipa kazi nimtafutie watu.

Nikaanza kuzunguka. Nyumba ya kwanza, "Tutakuja, Mungu akipenda." Ya pili, "Tutaangalia." Ninyi mnajua maana ya hayo majibu. Nikafika kwa Mama Sekela, Mnyakyusa, nyumba inayotazamana na geti letu. Mama huyu ndiye injini ya mtaa, na mume wake, Baba Sekela, ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Nilimkuta anachambua maharage.

"Sherehe ya nini?"

"Ya kabichi, mama."

"Kabichi nayo ina sherehe?"

"Kwao ipo."

"Mwaliko uko wapi? Kamati imekaa lini? Sare ni kitenge gani?" Akageuka kuwatazama wenzake wawili waliokaa naye. "Wewe Mhehe, mwambie mwalimu wako huku kabichi tunakula, hatuisherehekei. Na usisuse, nakutania tu."

Nilisusa kidogo. Ila nikaelewa hakuna atakayekuja.

Sikumwambia Mwalimu. Aliendelea na maandalizi kwa furaha zote. Tulienda Mwanjelwa kutafuta vitu, na kila kitu cha kwao tukakitafutia ndugu yake wa huku. Kabichi za kwao ni ndefu, tukachukua hizi zetu za duara. Badala ya samaki wao akachagua usipa wa Kyela. Pilipili ya unga tulichukua kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la viungo, aliyehoji kila hatua ya mapishi kama mkaguzi.

"Unachachusha, unatia pilipili, unafungia? Mama, hiyo ni achari."

"Siyo achari," Mwalimu akasema.

"Mimi nimezaliwa ndani ya achari, mama. Hiyo ni achari."

Walibishana nusu saa, wakaachana marafiki, na akatuongezea tangawizi.

Jumamosi ikafika. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikashusha kabichi nje ya geti, lundo linafika kifuani kwangu. Tukaziingiza uani. Mwalimu akatandika mikeka mingi, akapanga aproni alizoshona mwenyewe, akafunga kilemba, akakaa chini kwenye mkeka akaanza kukata vitunguu huku anatazama geti.

Asubuhi ikasogea. Hakuna mtu.

Mimi nilikuwa kwenye kinu natwanga pilipili kavu, maana ile ya unga aliiona haitoshi. Kosa langu sikujifunga kitambaa puani. Wakuu, pilipili ile ilinipiga. Macho yakawa mekundu, machozi yanashuka mpaka kidevuni, kamasi usiseme. Mwalimu naye na vitunguu vyake yuko vilevile.

"Festo, tunahitaji vyombo vikubwa," akasema.

Nikakumbuka vyombo vya mtaa.

Kwa wasio wa huku nieleze kidogo, maana hapa ndipo stori inapogeukia. Mtaa wetu una masufuria makubwa, sahani, mabenchi na turubai. Kila nyumba ilichangia. Vinakaa kwa Mama Sekela. Ukivitaka kwa harusi au ubarikio wa kanisani, kuna foleni, kuna maswali, kuna kikao. Ila kukiwa na msiba, vinatoka hapohapo, hakuna anayeuliza. Mimi mgeni, hiyo tofauti nilikuwa siijui. Nilijua tu masufuria yapo.

Nikakimbia na mkokoteni. Mama Sekela alikuwa mashineni kusaga. Nikamkuta Baba Sekela barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akanitazama usoni. Akaweka kikombe chini.

"Mwalimu ameniagiza masufuria makubwa. Yote, kama yapo."

Mzee akavua kofia.

"Mwenyewe yukoje?"

"Amekaa chini kwenye mkeka, mzee. Tangu asubuhi yuko peke yake."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikafuta machozi na mkono wa shati, ambao nao ulikuwa na pilipili, yakazidi.

"Na turubai je?"

Nikaona mzee leo kaamka na roho nzuri. "Kama lipo litasaidia, mzee. Jua linapanda."

"Mnatarajia watu wengi?"

"Sisi tunaomba tu waje."

"Watakuja," akasema. Akanishika bega. "Tangulia na masufuria. Hayo mengine niachie mimi."

Nikaondoka nashangilia moyoni. Hakuniuliza swali moja zaidi, na ninyi mnajua kwa nini. Mtu anayelia haulizwi maswali ya polisi.

Sijamaliza kuosha masufuria, geti likasukumwa.

Akaingia mama mmoja, khanga kiunoni, mzigo wa kuni kichwani. Nyuma yake mwingine na bakuli la unga. Mwingine na maharage. Wakavua viatu, wakamfuata Mwalimu, wakamshika mkono mmoja mmoja, wakakaa chini kwenye mikeka bila neno. Wakaja wengine. Wakaja wanaume na magogo, wakasimamisha turubai, wakawasha moto, wakapanga mabenchi.

Mwalimu alisimama. Uso wake sitausahau. Akaanza kuinama kwa kila anayeingia, kuinama kule kwa kwao, mpaka chini, machozi ya vitunguu yanamtoka. Na wale kina mama kuona mfiwa anawainamia hivyo, nao wakainama, wengine wakapiga magoti.

Akanisogelea, akaninong'oneza:

"Festo, umewaambia nini?"

"Niliwaalika tu, Mwalimu."

"Umealika vizuri sana."

Nikavimba kichwa. Nikajiona mimi ni MC wa taifa. Nikaanza kupita kwenye mabenchi nawapa wanaume mikono, "karibuni sana, jisikieni nyumbani," natabasamu meno yote nje. Wananitazama vibaya, sielewi kwa nini.

Ndipo Baba Sekela akanivuta pembeni.

"Kijana, tupange mambo. Mwili unaletwa huku, au watazika hukohuko kwao?"

"Mwili wa nani, mzee?"

Mzee akanikazia macho. Nikatazama masufuria. Nikatazama turubai. Nikatazama wanaume kwenye mabenchi wameshika tama. Ule moto. Zile kuni.

Ndipo nikaelewa: mtaa mzima umekuja msibani.

Wakuu, wa mjini wanaweza kucheka. Huku kwetu kutangaza msiba usiokuwepo si utani. Ni uchuro. Ni kukiita kifo kije. Na vyombo vya msiba vimetoka, watu wameacha mashamba na biashara zao. Huyu mama alikuwa anaondoka kwa kukosa watu, sasa angeondoka kwa kufukuzwa na watu, na mwenye kusababisha ni mimi.

Jicho langu lilienda getini. Lilikuwa wazi. Barabara ya lami haiko mbali, na mimi kwenye kuondoka nina kipaji.

Ila nikageuka nikamwona Mwalimu kapiga magoti mbele ya bibi mmoja, anamwonyesha namna ya kufungua jani la kabichi bila kulichana, na bibi wa watu amelishika lile jani kwa heshima, hajui linahusianaje na marehemu.

Nikabaki. Mama Sekela ndiyo alikuwa anaingia, unga wa mashineni bado uko kwenye nyusi. Nikamwahi.

"Mama, hakuna msiba."

"Hebu rudia."

"Hakuna msiba. Ni zile kabichi."

"Na hayo machozi?"

"Pilipili, mama."

Akanikagua macho, moja halafu lingine. Akafumba ya kwake. "Mhehe wewe. Ungekuwa wa kwangu..." Hakumaliza. Akanipita, akaenda mpaka kwenye mkeka wa Mwalimu, akakaa mbele yake. Uani kote watu wakageuka kutazama.

"Mwalimu. Sisi tumeingia humu kwa sababu tumesikia umefiwa. Sasa tunaomba utuambie mwenyewe kwa mdomo wako. Umefiwa, au hujafiwa?"

Mwalimu akanitazama mimi. Akatazama masufuria, moto, turubai, kuni. Nilimwona anapiga hesabu, kama ubaoni, mstari kwa mstari, mpaka jibu. Akaweka lile jani chini.

"Nimefiwa," akasema.

Nikajua ananiokoa. Nikataka kumzuia.

"Nani?" Mama Sekela akauliza.

"Mama yangu. Mwaka jana, mvua zilipoanza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimefika hapa. Walinipigia simu asubuhi. Nisingewahi kuzika." Alikuwa anatafuta maneno, anayapanga. "Nilikuwa na kipindi cha kwanza. Nikaenda kufundisha."

"Ulimwambia nani?"

"Sikujua mtu wa kumwambia."

Mama Sekela akatazama lundo. "Na kabichi hizi?"

"Ni mapishi ya mkono wake. Kila mwaka alitengeneza na majirani zake. Mwaka jana nyumbani kwetu hakuna aliyetengeneza."

Nilikuwa nimeishi uani kwake muda wote ule, mimi muulizaji mkubwa, na hilo sikuwahi kuliuliza.

Mama Sekela akasimama, akakaza khanga kiunoni, akawageukia wenzake.

"Mmesikia. Nyumba hatukukosea. Tumechelewa tu."

Yule bibi mwenye jani ndiye aliyeanza kilio. Sauti moja, ndefu. Wengine wakapokea. Wakamweka Mwalimu katikati, na yule mama aliyezoea kuinamia kila mtu, safari hii hakuinama. Alilia amekaa, ameegemea bega la Mama Sekela, kilio cha mwaka mzima. Baba Sekela akasimama, kofia kifuani, akaomba sala fupi kwa ajili ya mama wa Korea ambaye hakuna kati yetu aliyejua hata sura yake.

Kulipotulia, Mama Sekela akafuta uso na upindo wa khanga.

"Haya. Mama yako alikuwa anaanzia wapi?"

"Jani la nje," Mwalimu akasema.

"Tuonyeshe."

Hapo sasa! Ungeiona ile kazi. Wale kina mama wamezoea kupikia misiba ya watu mia, lundo lile kwao lilikuwa mchezo. Mikono inapishana, kabichi zinafunguliwa, pilipili inapakwa mpaka viwiko vikawa vyekundu. Ubishi ukaanza. Mmoja anataka kuongeza nyanya, Mwalimu anakataa kabisa. Mwingine anasema usipa huu ungekaangwa kwanza. Bibi wa jani akaonja, akafumba macho, akatikisa kichwa, akasema:

"Hii ni kachumbari iliyokasirika."

Mwalimu akacheka mpaka akalala kwenye mkeka. Jina likashika. Mpaka leo mtaani kwetu hakuna anayesema kimchi, wanasema kachumbari ya hasira.

Ugali na maharage ya msiba vikapikwa, vikaliwa na ile kachumbari. Wanaume chini ya turubai wanatokwa jasho, wanabishana kama ni mboga au ni dawa ya mafua. Jioni kila mama akaondoka na ndoo yake.

Nikadhani yameisha. Kesho yake wakarudi. Kwa sababu msiba ni msiba, una siku zake, watu wanashinda na mfiwa. Wakakalia viti vyote. Vingine tukaazima.

Matanga yalipoisha, Mama Sekela akatoa hukumu ya kesi yangu mbele ya watu. Kwanza, mimi niyasugue masufuria yote mpaka nijione usoni. Pili, akamgeukia Mwalimu.

"Vyombo vya mtaa kwangu vinaliwa na kutu, stoo inavuja. Wewe una ukuta na geti. Kuanzia sasa vinakaa kwako. Mwenye msiba atakugongea hata saa ngapi, na wewe utaamka. Unaweza?"

Mwalimu akapokea ufunguo kwa mikono miwili.

Mwisho wa muhula alienda shuleni. Aliporudi nikamuuliza amewaambiaje. Alikuwa anapanga sahani kwenye stoo.

"Nimeongeza mkataba," akasema. "Siwezi kuondoka na vyombo vya watu."

Mimi nilikaa kidogo zaidi. Geti likawa linashinda wazi, watoto wanaingia kuulizia hesabu, Mama Sekela anaingia kuulizia watoto. Chumba changu cha uani kikaanza kuwekwa mabenchi. Asubuhi moja nikasikia lori linashuka gia kule barabarani, na mnajua tena. Mwalimu hakunizuia. Alinipa ndoo ndogo ya kachumbari ya hasira, mfuniko ameufunga na kamba.

Sikuwa na mpango. Nikapita Mafinga, nikapita Iringa mjini, nikashuka Ilula kwa sababu wauza nyanya walikuwa wanakimbilia magari na makopo yamejaa, wanacheka, nikataka kujua wanacheka nini. Nikaulizia chumba, nikapelekwa kwa mama mmoja nyuma ya duka. Akanusa ndoo yangu.

"Humo umebeba nini, kimekufa?"

"Mboga, mama."

"Iweke nje."

Sijafungua begi, nikasikia kilio nyumba ya tatu. Mimi wa zamani ningefunga mlango. Simjui mtu, hakuna aliyenialika, hayanihusu. Safari hii nikaacha begi kitandani, nikaenda. Wanaume wamekaa kimya. Nikauliza shoka liko wapi.

Mzee mmoja akanitazama, akanisalimia kwa Kihehe. "Kamwene. Wewe ni wa nani?"

"Kamwene, mzee. Mimi mpangaji mpya."

"Ulihamia lini?"

"Sasa hivi."

Akaninyooshea kidole kwenye magogo.

Nilichojifunza, wakuu, ni hiki. Kwenye furaha watu wanasubiri kualikwa, na wengine wanakaa mwaka mzima wanasubiriana, huyu ndani ya geti na yule nje. Kwenye msiba hakuna kadi. Ukihamia mahali na hujui pa kuanzia, anzia hapo. Na kama jirani yako ana ukuta mrefu, gonga umuulize kama kwao ni wazima.

Sasa nanyi semeni. Mliowahi kuishi ugenini, iwe ni Tunduma au huko Korea kwenyewe, nani alikuwa mtu wa kwanza kukaa kwenye kiti chako, na alikuja kwa sababu gani?

Nitasoma zote. Nikichelewa kujibu msinune, hapa bado kuna magogo.